Kulwa Yuko Nyuma, Anakuja

Sogeeni ndani, na aliye karibu na mlango aurudishe. Hadithi hii sipendi kuisimulia mlango ukiwa wazi. Ningekataa kabisa, ila nina udhaifu wangu: nikiombwa, naongea.

Ilianzia kwenye mafuta ya taa. Ijumaa moja jioni, hapa hapa Ujiji, jua limeshaegemea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, Mama Mwanvua alimpa binti yake Dotto chupa na kumtuma dukani. "Nenda na urudi. Usiniletee hadithi za njiani." Dotto alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili, mrefu kama mlingoti na mdomo wake haujui breki. Maisha yake yalikuwa ya msichana yeyote wa Ujiji miaka ile ya wakimbizi. Asubuhi shule, mchana kuanua dagaa, jioni kusukana nywele barazani na wenzake huku wakibishana nani anaimba vizuri kuliko nani. Muziki wa jukwaani alikuwa hajawahi kuuona kwa macho yake. Mama yake alisema hayo ni mambo ya watu wasio na kazi.

Alipofika kona ya duka, gari la matangazo likapita polepole, spika mbili zimefungwa juu.

"Kesho Jumamosiii! Bangwe, ufukweni! Orchestra Nyota Mbili, kutoka kambini, kwa kibali maalumu! Saa nane mchana mpaka jua kuzama! Na mapacha! Narudia, mapacha! Mapacha wakija wawili hawalipi kiingilio, wanakaa mbele kabisa!"

Dotto alisimama na chupa yake mpaka gari likapotea.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, maana si wote mmekulia huku. Mtu akiitwa Dotto, ana pacha. Hakuna Dotto wa bure. Anayetoka tumboni kwanza ni Kulwa, anayefuata ni Dotto. Kulwa hutangulia, Dotto hufuata, ndivyo ilivyo tangu zamani. Basi kila Dotto, popote aendapo, awe dukani, shuleni au hospitali, huulizwa swali moja: "Na Kulwa yuko wapi?"

Dotto huyu wetu alikuwa na jibu moja tu. "Amevuka."

Jibu hilo alifundishwa na mama yake. Mama Mwanvua ni Mbembe wa Baraka, huko Kongo, aliolewa na Hamdani, mfanyabiashara wa vitenge wa Ujiji. Hamdani alifariki mapema kwa ugonjwa, akamwachia mapacha wa kike waliofanana hata walimu wakachoka. Vita ilipolipuka Kongo iliwakuta Baraka, wamekwenda kumwona bibi. Wakakimbia kwa boti usiku, watu wamebanana, watoto wanatapika, injini inakohoa. Mapacha wakati huo walikuwa na miaka kumi. Dotto alilala njiani. Alipoamka, boti imeshagusa mchanga wa Kibirizi, upande huu wa ziwa, mama yake amemshika mkono mmoja, na ule mkono mwingine wa mama hauna mtu.

"Mama, Kulwa yuko wapi?"

"Amevuka."

Basi. Na Dotto, mtoto, akaelewa alivyoelewa. Kuvuka si kuvuka? Akadhani mwenzake amepanda boti nyingine. Mwaka mzima akawa anatoroka kwenda ufukweni kutazama wakimbizi wakishuka, anachungulia sura moja moja, anamtafuta Kulwa. Mpaka siku moja mama yake alipomkuta huko, akamkalisha juu ya mchanga na kumwambia ukweli kwa namna ya kwao.

"Pacha hasemwi kama watu wengine, mwanangu. Halazwi matanga, haliliwi. Ukisema amekufa, unamfukuza, naye ataondoka na wewe. Ukisema yupo, unamwita, naye atakuja. Sema amevuka. Hapo unamwacha alipo."

Miaka mitano Dotto alisema hivyo, na miaka mitano mambo yakawa shwari.

Sasa turudi kwenye gari la matangazo. Rafiki yake Dotto alikuwa Yusta, jirani wa nyumba ya tatu, mfupi, wa maji ya kunde, mcheshi wa kupindukia. Yeye ndiye aliyelipika jambo lote.

"Mimi nitakuwa Kulwa," alisema usiku ule barazani. "Tutasuka sawa, tutavaa sawa. Nani atatupima?"

"Yusta, tumefanana wapi mimi na wewe?"

"Mapacha wasiofanana hujawahi kuwaona? Acha woga bwana."

Dotto akacheka. Moyo wake ulimwambia hapana, lakini masikio yalikuwa bado yanasikia spika. Muda wa kusuka mitindo haukuwepo, wakasukana twende kilioni, ile ya haraka haraka ya kurudisha mistari nyuma, ambayo wanawake husuka msiba ukibisha hodi ghafla. Yusta alifanyia hata hilo utani. "Tukiulizwa, tunakwenda kilioni." Kesho yake Dotto akamuaga mama yake kwamba anakwenda kumsaidia Yusta kuanika dagaa, na wawili wale wakakata njia kwa miguu kuelekea Bangwe.

Uwanja ulikuwa umezungushiwa turubai nyeupe za kambini, zile ambazo wakimbizi huziita shitingi, zimefungwa kwenye miti. Ndani magitaa yalikuwa yanajaribiwa. Watu wamejaa, vumbi, harufu ya migebuka ya kukaanga. Karibu na lango Yusta akamwona muuza karanga.

"Tangulia, mimi nakuja."

Dotto akatangulia. Langoni alisimama baunsa mmoja, Leodgar, Muha wa Kasulu, kifua kama kabati, lakini mtu wa vicheko.

"Shikamoo. Mapacha," Dotto akasema.

"Marahaba. Mapacha mmoja?" Leodgar akamtazama nyuma, akamtazama mbele. "Wewe nani?"

"Dotto."

"Ehee. Na Kulwa yuko wapi?"

Swali lile lile la kila siku. Na jibu lake alikuwa nalo tangu utoto. Lakini wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Dotto alikuwa anamfikiria Yusta na karanga zake, anafikiria magitaa, anafikiria viti vya mbele. Akajibu bila kufikiri.

"Kulwa yuko nyuma, anakuja."

Upepo ukatoka ziwani ukapiga shitingi kwa nguvu, pwaa! Halafu ukatulia. Leodgar akamgonga muhuri wa wino kwenye mkono, akampitisha.

Jamani, ule muziki! Niacheni niwaambie, maana Dotto mwenyewe mpaka leo akifika hapo anatabasamu kwanza. Gitaa la besi lilimwingia kifuani likawa linapiga pamoja na moyo. Wanamuziki walikuwa wakimbizi, wamevaa mashati ya msaada yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama, na jua likizama lazima wawe kwenye lori la kurudi kambini, kwa hiyo walipiga kama watu wanaofukuzwa. Dotto alicheza peke yake pale mbele, akacheza mpaka viatu akavivua. Alikuwa na furaha. Furaha kabisa, ile ambayo mtu anasahau hata jina lake.

Alipokumbuka kugeuka, Yusta hajatokea.

Leodgar akapita amebeba kreti la soda. "Wewe Dotto, mbona hamkai pamoja? Mwenzako si nimeshampitisha?"

"Yuko wapi?"

"Si yule pale kwenye spika. Lakini nyie! Nimeona mapacha, ila nyie mmezidi. Mpaka nikamwambia, binti, wewe si nimekupitisha sasa hivi? Sura ile ile, urefu ule ule, mpaka nywele." Akacheka, kisha akajikuna shingo. "Ila mwambie anywe chai. Mkono wake wa baridi sana."

Akaenda zake na kreti lake.

Dotto alibaki amesimama. Urefu ule ule? Yusta alikuwa anamfika begani.

Mara shitingi ikainuliwa chini, kichwa cha Yusta kikatokeza kwenye vumbi, kikafuatiwa na Yusta mzima, amefura kwa hasira.

"Ndiyo urafiki gani huu? Nafika langoni naambiwa Kulwa ameshaingia, nisiwafanye watu wajinga! Umempa nani nafasi yangu? Na nimekuchungulia kwa pale kwenye spika, nikakuita. Umenitazama tu. Unanichekea."

"Yusta..."

"Nini?"

"Mimi sijasogea hapa."

Yusta akamshika mkono.

Na hapo ndipo harufu ikaja. Si harufu ya migebuka, si jasho la watu. Mbao zilizoloa. Mafuta ya injini. Matapishi ya watoto. Dotto aliijua harufu ile kabla akili yake haijaipa jina. Ilikuwa harufu ya boti waliyovukia.

Akatazama upande wa spika.

Watu walikuwa wanaruka, wanaachia nafasi na kuiziba. Wakaachia nafasi. Akaona mgongo wa msichana, mrefu, mistari ya twende kilioni, gauni kama lake. Anacheza. Lakini namna alivyocheza... Ngoma ilipiga, du! Mguu wa yule ulikuwa umeshatua. Ngoma ikapiga tena. Mguu ulikuwa umeshatua. Kila pigo, yeye alilitangulia.

Watu wakaziba nafasi.

Jukwaani kiongozi wa bendi akachukua kipaza sauti. Alikuwa mzee mwembamba, Mkongo, jina lake Pastory. Bendi iliitwa Nyota Mbili kwa sababu aliianzisha na pacha wake, na siku zote aliweka viti viwili, kimoja akakalia, kimoja kikabaki kitupu.

"Mapasa wapande!" akaita, kwa Kiswahili cha kwao. "Mapasa yote, kuyeni juu!"

Mapacha wakaanza kupanda, wawili wawili, watu wanashangilia. Pastory alikuwa anawapa mkono mmoja mmoja huku anacheka. Macho yake yakashuka yakamkuta Dotto pale chini. Akatazama kwenye spika. Akarudi kwa Dotto. Kicheko kikamwisha. Akawaachia wapiga gitaa wakoleze, akashuka jukwaani, akainama sikioni kwa Dotto. Alinong'ona, na katika kelele zote zile Dotto alisikia kila neno.

"Mama, sikiya. Ule mwenzako, alikufaka lini?"

"Alivuka," Dotto akasema huku machozi yanamtoka.

"Alivuka. Muzuri. Sasa nani amemwita?"

"Mimi. Nilisema anakuja. Sikuwa na maana yake yeye, mzee wangu, naapa..."

"Wao hawajui maana. Wanajua tu kama wameitwa." Pastory akamshika bega. "Mama yako angali muzima?"

"Yuko nyumbani."

"Basi sikiya. Aliyevuka hakuyi kutembea. Anakuya kuchukua nafasi. Nyumba moja, Dotto mmoja. Atakayetangulia kuingia kwa mama, ndiye atabakia. Mwingine ndiye atavuka." Akamsukuma taratibu. "Kimbia. Na usimwite kwa jina tena."

Dotto akageuka. Pale kwenye spika hapakuwa na mtu mrefu.

Langoni, mgongo wenye twende kilioni ulikuwa unatoka.

Viatu aliviacha. Yusta akamfuata mbio bila kuuliza. Jua lilikuwa limebaki kipande, ziwa limekuwa jekundu, na njia ya kurudi Ujiji ndiyo kwanza inaanza. Walikimbia mpaka mate yakakauka. Mbele yao hawakumwona mtu. Kila kona, njia tupu. Dotto akaanza kujipa moyo, labda mzee yule kazoea kutisha watoto, labda Leodgar kachanganya watu.

Karibu na nyumba za kwanza za Ujiji kulikuwa na Mama Scola, muuza dagaa, anafunga gunia lake. Alipowaona alishika kiuno.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu! Umerudia wapi tena?"

"Shikamoo, Mama Scola," Dotto akasema akihema.

"Marahaba ngapi nitaitika? Si umeniamkia sasa hivi ukapita? Tena leo una adabu, umepita taratibu." Akawatazama miguu. "Viatu umevitupa wapi?"

Yusta akasimama. Alimtazama Mama Scola, akamtazama Dotto, akarudi nyuma hatua moja.

"Dotto, mimi... Mimi sifiki huko kwenu. Nisamehe. Siendi."

Dotto hakumlaumu. Hakuwa na pumzi ya kumlaumia. Alikimbia peke yake, adhana ya magharibi ikaanza, na kwa mara ya kwanza maishani aliiombea adhana isiishe, kana kwamba ikiendelea na yeye atakuwa bado hajachelewa.

Ikaisha.

Akafika uani kwao. Mlango umefungwa kwa ndani. Taa ya chemli inawaka, mwanga unapita chini ya mlango. Akasikia bakuli likiwekwa juu ya mkeka, na sauti ya mama yake, laini, ile sauti ya mama mwenye raha.

"Kula, mama. Leo umechoka sana na hao dagaa."

Dotto akaupiga mlango kwa viganja viwili. "Mama! Fungua!"

Lakini kabla hajamaliza... hapana, kabla hajaanza, sauti ilikuwa imeshasema ndani. "Mama, usifungue."

Sauti yake. Sauti ya Dotto mwenyewe, kutoka kwenye mkeka.

Hatua za Mama Mwanvua zikasogea mpaka mlangoni. Hakugusa komeo.

"Nani?" akanong'ona.

"Ni mimi, Dotto!"

"Ni mimi, Dotto." Ya ndani ilitangulia. Kidogo tu, kama mtu anayekusomea mawazo. Ya nje ikaonekana inaigiza.

Mama yake akavuta pumzi. "Jana nilikutuma nini?"

"Mafuta ya taa," ikasema ndani.

"Mafuta ya taa!" akalia Dotto nje.

"Siku ile ufukweni nilikwambia nini?"

"Nimseme kwamba amevuka."

"Nimseme kwamba amevuka!"

Kila alichotaka kusema kilichukuliwa mdomoni mwake. Akataja jina la baba yake, likawa limetajwa. Akataja kovu la goti, likawa limetajwa. Wee! Hebu jiwekeni hapo. Unamwambia mama yako kwamba ni wewe, na kila unavyozidi kusema ndivyo unavyozidi kuwa mzimu. Akateleza mpaka chini, akakaa kizingitini, shavu kwenye mbao, na upande wa pili alijua mama yake naye amekaa, maana sauti ilitokea usawa wa uso wake.

"Nenda, mwanangu," Mama Mwanvua akamwambia kwa upole uliomkata maini. "Najua ni wewe. Najua umenitafuta. Mwenzako yumo ndani, anakula, usimchukue. Nenda ulikotoka."

Dotto akafungua mdomo kupiga ukelele. Ndani, akasikia mtu akivuta pumzi ya kupiga ukelele.

Hapo ndipo akili ikamjia.

Kulwa hutangulia, Dotto hufuata. Lakini huwezi kumtangulia asiyekwenda. Yule wa ndani hakuwa na neno lake hata moja, alikuwa anakula maneno ya Dotto kabla hayajaiva. Dotto akaweka kiganja mdomoni, akakibana kwa meno. Hakusema. Hata moyoni alijaribu kutosema, akawa anatazama tu vidole vyake vya mguu gizani.

Ndani, ile pumzi ikabaki imevutwa. Haikushuka.

"Dotto?" Mama Mwanvua akaita, kichwa kimegeukia mkekani.

Kimya.

"Dotto, mbona huitiki?"

Kimya nje, kimya ndani. Halafu harufu ile ya boti ikapita chini ya mlango, nzito, na kitu kikaanza kugonga sakafuni, taratibu, kama meno ya mtu mwenye baridi. Nadhani Mama Mwanvua alitazama. Alichokiona pale mkekani hajawahi kumsimulia mtu, hata mimi nilipomlazimisha kwa udugu alinifukuza.

Alichofanya majirani wote walikisikia. Alilia.

Mwanamke ambaye kwa miaka sita hakummwagia Kulwa hata chozi, kwa kuogopa kumpoteza na wa pili, alipasua kilio cha msiba, kile cha mikono kichwani. "Uwiii, Kulwa wangu! Nilikuwa na mikono miwili tu, mmoja umemshika mwenzako, mmoja umeshika boti! Kulwa wangu, umekufa, mama, umekufa, na mimi sikukulilia!" Alilitamka neno lenyewe, lile alilolikataza. Alilia mpaka watu wa nyumba za jirani wakatoka na mikeka yao wakidhani kuna maiti, na kweli msiba ulikuwepo, ila ulikuwa umechelewa. Nje, Dotto alilia naye bila sauti, meno kwenye kiganja. Alimlilia dada yake. Hakuwa amemlilia kabla.

Kabla ya isha, komeo likavutwa.

Mkekani hapakuwa na mtu. Bakuli la ugali lilikuwa na alama za vidole, tonge limekatwa na kuachwa, na mahali alipokaa mtu pamelowa. Mama Mwanvua alisimama na chemli mkononi, macho yamevimba. Akaiinua taa mpaka usoni kwa binti aliyekuwa kizingitini, akamtazama. Alimtazama muda mrefu, paji, pua, mdomo, mistari ya nywele. Akamshika mkono, akaupima joto. Ulikuwa wa baridi, lakini usiku ulikuwa wa baridi pia, na yule mtoto alikuwa amekaa nje. Mwisho akasogea pembeni kumpisha.

"Pita, mwanangu," akasema.

Nyota Mbili walirejeshwa kambini jioni ile ile, na baadaye wakarudi kwao Kongo, basi Pastory hakupatikana tena wa kuulizwa. Wazee wengine wanasema kile kilio ndicho kilichomwondoa Kulwa, kwamba alikuwa amekuja kudai matanga yake tu, akapewa, akalala. Wengine wanasema kilio cha pacha huondoa mmoja, ndiyo, ila hakichagui. Mimi sijui. Dotto namjua, tumekula naye, ameolewa, ana watoto watatu na duka la vitenge sokoni. Ni mtu mwema. Anacheka mapema kidogo kabla utani haujaisha, lakini watu wenye akili nyepesi ndivyo walivyo.

Kinachomuuma ni kimoja. Tangu usiku ule mama yake hamwiti kwa jina. Humwita mwanangu, humwita mama, humwita wewe. Mwaka jana, wakiwa wawili jikoni wanachambua mchele, Dotto alishindwa kuvumilia.

"Mama, miaka yote hii. Kwa nini huniiti Dotto?"

Mama Mwanvua hakuinua uso. Aliokota jiwe kwenye ungo, akalitupa nje.

"Nikiita, wakaitika wawili," akasema, "nitafanyaje?"

Akaendelea kuchambua mchele.